Sahani ya Mchawi

Aghalabu mtu wa pwani akitajiwa Tunduma hufikiri habari za malori tu, wala hakosei. Mji huo wa mkoa wa Songwe umekaa juu ya mstari wenyewe wa mpaka: upande huu Tanzania, upande ule Nakonde ya Zambia. Baina yao hapana bahari ya kuwatenga watu. Pana lango, kizuizi na mihuri. Wanyamwanga wako pande zote mbili, na salamu ya upande mmoja huitikiwa upande wa pili. Barabara itokayo Dar es Salaam hufika hapo baada ya zaidi ya kilomita 900, na reli ya TAZARA hupita papo hapo. Kinachoshuka kwa wingi ni shaba ya Zambia na ya Kongo. Kinachopanda ni mafuta, magari na shehena za kila namna. Kabla ya kituo cha pamoja cha mpakani kuzinduliwa mwaka 2019, foleni ya malori iliweza kukaa siku kadhaa, na madereva wakapika, wakafua, wakalala na kuugua chini ya matela yao.

Katika foleni hiyo ndimo ilimoanzia habari hii. Usiku mmoja wa mwezi wa Juni 2018, msimu wa baridi katika nyanda zile, karani mmoja wa wakala wa forodha alikuwa amekaa kando ya jiko la mkaa la dereva mzee wa Kizambia, wakingoja hati ya mzigo isahihishwe. Karani huyo alikuwa mtu wa Wete, Pemba, na umri wake miaka thelathini na mitano. Alikuwa mpenzi wa mashairi. Alitunga kidogo, akaghani peke yake, na kusahihisha vina vya wengine zaidi ya alivyotunga vyake. Muziki wa magitaa ya umeme hakuwa na haja nao.

Dereva akatoa simu yake, akaweka wimbo. Gitaa likatoka kwa sauti ya mkwaruzo, mfano wa bati linaloburutwa juu ya sakafu. Chini yake besi ikitembea kwa hatua nzito, na kinanda kikilia kwa mbali. Kisha mwanamume akaimba kwa Kiingereza, kwa sauti nyembamba yenye huzuni kuliko ala zake.

“Mzee, hii nini?”

“Hawa ni Witch, mdogo wangu. Watoto wa Kitwe. Zamani sana, wewe hujazaliwa.”

Karani akaomba kuona. Mzee akaigeuza simu, na juu ya kioo pakawa na picha ya jalada la santuri, jina la bendi, na jina la santuri yenyewe: Lazy Bones!!. Karani akaitazama kwa muda, akainuka, akaondoka bila kuaga. Kwa mtu wa adabu kama yeye, lilikuwa jambo la ajabu.

Sababu ilikuwa kwamba sahani hiyo aliijua. Aliijua kwa macho, hakuijua kwa masikio. Ilikuwa nyumbani kwao Wete, ndani ya kasha, imefungwa katika kipande cha kanga kuukuu, na utotoni mwake alikatazwa hata kuigusa.

Baba yake alikuwa dereva wa malori ya bara. Alikuja nyumbani mara moja au mbili kwa mwaka, na mwaka 1976, kabla mwana huyu hajazaliwa, alikuja na sahani ya santuri aliyoinunua Kitwe. Nyumbani hapakuwa na gramafoni. Aliiweka kwa matumaini ya kununua chombo hicho, na chombo hakikupatikana. Mwaka 1988 alirudi amekonda, akasema hatasafiri tena. Akatandikiwa kitanda ukumbini, naye hakulala tena chumbani na mkewe. Mwaka 1989 alifariki, na mtoto wake alikuwa na miaka sita.

Wakati wa matanga shangazi mtu alifungua kasha akaiona sahani. Akamwita mwalimu wa skuli, akamwonyesha herufi kubwa za juu ya jalada. Mwalimu alisema kweli aliyoijua: neno lile kwa Kiingereza ni mchawi. Basi kila kitu kikapata maelezo yake. Kwa nini mtu mzima mwenye nguvu alinyauka kama jani? Kwa nini mume alimkimbia mkewe? Kwa sababu alikwenda nchi za mbali akanunua kitu cha kichawi, akakiingiza ndani ya nyumba. Wengine walitaka sahani ichomwe. Wengine wakahofu moshi wake. Ikarudishwa ndani ya kasha. Mtoto akakua akijua kwamba baba yake aliuawa na mchawi, na kwamba mchawi mwenyewe yumo chini ya kitanda cha mama.

Asubuhi ya pili karani alimrudia dereva, akamwomba radhi, akamweleza sehemu ndogo ya habari hiyo. Mzee alicheka kwanza, kisha akaacha kucheka. Akamwambia kwamba zile ni herufi tano za maneno matano, We Intend To Cause Havoc, yaani twakusudia kuzusha tafrani. Lilikuwa jina la majigambo ya vijana, kama vile washairi wa pwani wanavyojiita simba na jabali. Uchawi haukuwamo.

Tangu siku hiyo karani alitafuta kila alichoweza kukijua juu ya bendi ile, kwa bidii ya mtu anayetafuta jamaa aliyepotea.

Witch ilizaliwa katika miji ya migodi ya Zambia mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwimbaji wake alikuwa Emmanuel Chanda, aliyeitwa Jagari. Jina hilo ni la Mick Jagger wa Rolling Stones, lililopewa mkia wa Kiafrika likakubali kutamkwa. Chris Mbewe na John Muma walipiga magitaa, Gedeon Mulenga besi, Boidi Sinkala ngoma, na Paul Mumba kinanda. Santuri yao ya kwanza waliiita Introduction. Ikafuata In the Past mwaka 1974, na Lazy Bones!! mwaka 1975. Nakala zilizochapwa zilikuwa chache, ndiyo maana wakusanyaji wa Ulaya na Marekani leo wanazisaka kama lulu. Muziki wao na wa wenzao, kama Amanaz na Musi-O-Tunya, huitwa Zamrock. Musi-O-Tunya walifika mpaka Nairobi, wakarekodi huko.

Sauti yao yataka kuelezwa kwa utaratibu. Mkwaruzo ule wa gitaa hautokani na ubovu wa chombo. Baina ya gitaa na kipaza sauti huwekwa kifaa kidogo cha kukanyagwa kwa mguu, nacho huizidishia sauti nguvu kupita kiasi kinachoweza kupitishwa, hata vilele vya mawimbi vikakatika. Kilichokuwa laini kikawa na meno. Vijana wa shaba walijifunza mambo haya kwa kusikiliza santuri za Jimi Hendrix, Black Sabbath na Deep Purple. Ulaya ukoo huo wa muziki ulikutana mapema na okestra: mwaka 1969 Deep Purple walipiga pamoja na Royal Philharmonic Orchestra katika ukumbi wa Royal Albert Hall, London. Miongo kadhaa baadaye lilichanua tawi zima la muziki wa metali wenye fidla na kwaya, na maarufu wake ni Nightwish, bendi iliyoanzishwa mwaka 1996 huko Kitee, mji mdogo wa Ufini ulio jirani na mpaka wa Urusi. Kitwe haikuwa na okestra ya kukodi. Ilikuwa na kinanda kimoja, na kinanda hicho kilibebeshwa kazi ya fidla arubaini.

Msikilizaji aliyelelewa kwa taarabu hapotei humo kama anavyodhani. Tangu siku za Ikhwani Safaa, iliyoanzishwa Unguja mwaka 1905, sikio la Mzanzibari limezoea ala zinazomfuata mwimbaji, zikamaliza sentensi yake, zikamjibu. Gitaa la Witch hufanya kazi hiyo hiyo. Jagari anapomaliza mshororo, gitaa hurudia huzuni yake kwa lugha isiyo na maneno, kisha humwachia nafasi. Karani, aliyekuwa hafahamu Kiingereza cha nyimbo zile ila kwa sehemu, alijikuta akihesabu mizani kwa vidole juu ya goti. Mizani ilitimia.

Lakini kwa nini sauti hiyo ilifika mpaka mikononi mwa dereva wa Kipemba? Jawabu limo katika barabara ile ile ipitayo Tunduma. Mwezi wa Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao wa kibeberu, na Zambia, isiyo na bahari, ikaanza kukatiwa njia ya kusini. Malori yakaanza kupandisha mafuta kutoka Dar es Salaam na kuteremsha shaba, katika barabara mbovu iliyoua madereva wengi. Bomba la mafuta la TAZAMA likamalizika mwaka 1968. Mwaka 1973 mpaka wa Zambia na Rhodesia ulifungwa. Reli ya kilomita 1,860, iliyojengwa kwa msaada wa Wachina tangu mwaka 1970, ilikamilika mwaka 1975. Hivyo Tunduma ikawa koo ya nchi nzima: kila tonge la Zambia lilipita hapo.

Shaba ndiyo iliyolipa kila kitu. Serikali ya Rais Kenneth Kaunda ilikuwa imechukua asilimia 51 ya migodi, na mshahara wa mchimbaji ulimnunulia mwanawe gitaa. Kaunda mwenyewe alipiga gitaa, akaamuru redio ya taifa ipige muziki wa Kizambia kwa asilimia 95. Vijana waliokuwa wakiiga wakalazimika kutunga. Dereva mgeni aliyelala Kitwe akisubiri shehena aliwakuta wanacheza jukwaani kwa saa nyingi, na kesho yake, mwenye fedha kidogo mfukoni, alinunua sahani.

Bei ya shaba ikaanguka katikati ya miaka ya 1970. Nchi iliyopata karibu fedha zake zote za kigeni kutoka katika madini hayo ikaanguka nayo. Kisha yakaja mashambulizi ya majeshi ya Rhodesia ndani ya Zambia, na pamoja nayo amri za kutotoka nje na kuzimwa kwa taa. Bendi zikawa zinacheza mchana, watu wakiwa na jua usoni. Mwishoni mwa muongo ule Jagari aliiacha bendi, akaingia katika kufundisha muziki. Waliobaki waligeukia disko, wakatoa Kuomboka mwaka 1984, kisha pakawa kimya. Baadaye mwimbaji yule aliingia machimboni kutafuta vito, akichimbua ardhi kwa mikono yake, na nyimbo zake zikabaki katika makasha ya watu.

Kilichowamaliza wenziwe hakikuwa bei ya shaba. Wote watano waliocheza naye katika kikosi kile wamefariki, na Jagari amesema waziwazi, mbele ya wageni na mbele ya kamera, kwamba ugonjwa uliowaondoa zaidi wanamuziki wa kizazi chake ni UKIMWI. Tanzania ilibaini wagonjwa wake wa kwanza mkoani Kagera mwaka 1983. Njia kuu za malori na miji yake ya mipaka, Tunduma ikiwamo, zikawa miongoni mwa mahali palipoumia zaidi. Barabara haichagui. Iliyobeba mafuta, shaba na santuri ndiyo iliyobeba na hayo.

Karani alipofika hapo katika utafutaji wake aliacha kutafuta. Waswahili husema mficha maradhi kilio kitamfichua. Kwao kilio kilikuja kikapita, na hakikufichua kitu, maana palikuwa na mchawi wa kusingiziwa. Akahesabu miaka. Akakumbuka kitanda cha ukumbini. Lililomshika halikuwa aibu ya maradhi; watu wote wa Tunduma wamezika. Lilikuwa swali juu ya mama yake: je, alijua? Na kama hakujua, ni haki kumwambia sasa, akiwa na miaka sabini?

Iddi Kubwa ya Agosti 2018 alikwenda nyumbani. Siku ya pili ya sikukuu, wageni walipopungua, alikaa na mama yake ukumbini, akamwambia kwamba anataka amsikilizishe kitu. Hakumwambia ni nini. Akaweka simu juu ya mkeka, akaufungua wimbo.

Mama alisikiliza ameinamisha kichwa. Ulipofika mahali gitaa linapomjibu mwimbaji, akainua mkono kidogo, kama anayemnyamazisha mtoto.

“Hii ndiyo aliyokuwa akiivumisha babaako. Akipiga mswaki, akitia maji mtini. Mimi nikidhani kaitunga mwenyewe.”

Mwana akamweleza habari ya herufi tano. Mama akatikisa kichwa, hakushangaa sana.

“Mama, alikufa kwa nini?”

“Unajua, ndiyo maana waniuliza.”

“Nawe ulijua?”

“Kanambia mwenyewe, usiku aliorudi. Kanambia: mke wangu, tulikuwa madereva wanane kambi moja, tumebaki wawili. Sikupimwa, lakini hesabu naijua. Mie sitalala chumbani. Nililia, nikamwambia njoo ulale, liwalo liwe. Hakuja. Mwaka mzima kalala hapa ulipokaa wewe, na mlango wangu u wazi.”

Mwana alinyamaza muda mrefu. Miaka ishirini na tisa kitanda kile kilikuwa, mbele ya macho ya ukoo, ushahidi wa mume aliyelogwa hata akamchukia mkewe. Ndicho kilichomwacha mama yake hai.

“Kwa nini hukuwaambia, mama? Wamemsema marehemu miaka yote hii.”

“Wamwambiwe nini? Siku zile, lau ningelitaja lile, nani angelikula katika sahani zangu? Nani angelikupa mtoto wake ucheze naye? Shangazi yako alikuja na mchawi wake, nikaona huyu afadhali. Mchawi hana jamaa wa kuona haya. Nikamwachia abebe.”

Akanyamaza, kisha akaongeza kwa sauti ya chini: “Babaako mwenyewe angelicheka.”

Alasiri ile kasha lilifunguliwa. Kanga ilikuwa imeliwa na nondo, jalada limekula ukungu pembezoni, na sahani yenyewe imepindika kwa joto la miaka mingi kama kigae cha paa. Hakuna gramafoni duniani itakayoipiga. Karani alimweleza mama yake kwamba wako watu Ulaya wanaozitafuta nakala za kwanza, hata kama hii huenda isiwafae. Mama akasema wakitaka kusikia wasikie katika simu kama alivyosikia yeye. Sahani ikawekwa juu ya kabati, na jalada likaegemezwa ukutani, herufi zake tano zikiwatazama wanaoingia. Shangazi mtu alikuwa amekwisha kufariki, hivyo hapakuwa na wa kumwomba ruhusa.

Bendi yenyewe haikuishia katika makasha. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 santuri zake za zamani zilitolewa upya Marekani, na vijana ambao hawajapata kuiona Zambia wakaanza kuzisikiliza. Jagari, aliyekuwa bado na udongo wa machimboni mikononi, aliitwa Ulaya kuimba. Akaandamana na Patrick Mwondela, mpiga kinanda wa kikosi cha miaka ya 1980, na wanamuziki vijana wakiwamo Waholanzi. Mwaka 2019 filamu juu ya maisha yake ilitoka. Mwaka 2023 bendi ilitoa Zango, santuri mpya, karibu miaka hamsini tangu ile ya kwanza. Mwimbaji alikuwa na zaidi ya miaka sabini. Anapopanda jukwaani huimba nyimbo ambazo wenziwe walizitunga pamoja naye, na katika mazungumzo huwataja kwa majina.

Hilo la kutaja majina ndilo lililomsumbua karani aliporudi Tunduma. Kabla ya kuondoka Wete alimwuliza mama yake wale madereva wanane walikuwa nani. Mama alikumbuka watatu mbali na marehemu: mmoja wa Tanga, mmoja wa Kyela, na mmoja ambaye aliitwa kwa jina la lori lake. Wanne waliosalia hakupata kuwasikia. Karani akaanza utenzi, wenye ubeti mmoja kwa kila mtu. Amekwisha kuandika beti nne, ule wa baba yake ukiwa wa mwisho. Katika daftari ameacha kurasa nne tupu, na kila dereva mzee anayesimama dirishani pake kupigiwa muhuri humwuliza kwanza kama aliwahi kubeba shaba katika miaka ya sabini, na kama anamkumbuka Mpemba aliyekuwa akivumisha nyimbo.